Shokapu za Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo heshima yangu imetikiswa na mwanamke aliyekaa mkekani akichambua mchele.

Nilikwenda kwa kina Somoe, hapahapa Likombe, kumsalimia mama yake. Bi Zainabu. Mungu akijalia ndiye mama mkwe wangu. Nikaegesha gari mlangoni taratibu, kwa adabu zote. Gari langu ni la michezo. Milango miwili, jekundu, liko chini kama linavyotakiwa kuwa. Ndilo la kazini, ndilo la sokoni, ndilo la msikitini. Nikashuka, nikatoa shikamoo. Badala ya kuitikia, Bi Zainabu akauliza kama ni mimi niliyekuja au kuna mtu anatwanga kisamvu barabarani.

Kutwanga kisamvu! Gari la michezo!

Somoe aliangalia pembeni. Alikuwa anacheka, najua.

Habari yenyewe ni hii. Jumamosi ya tarehe 21 mjukuu wa Bi Zainabu anatolewa unyagoni kijijini kwao, Mahurunga. Bibi lazima awepo, na zawadi zake. Ila kiuno chake kibovu, kikitikiswa kidogo tu halali usiku. Na hukohuko Mahurunga wako wajomba zake Somoe. Kwa watu wale posa ni neno la wajomba, baba hata akohoe vipi hasikilizwi. Somoe akaninong'oneza uani kwamba atakayemfikisha mama yake salama ataingia kwa wajomba akiwa mtu wa maana.

Nampenda Somoe. Naandika bila aibu kwa kuwa humu hasomi mtu. Nampenda tangu alipoanza kufundisha shule ya msingi hapa jirani na akanikemea kwa kupiga honi.

Tatizo ni Nassoro, naye anamtaka Somoe. Ana pikapu ya kubebea makopa, ile mihogo mikavu, na yeye mwenyewe ananuka makopa hata akitoka kuoga. Eti amekwishajitolea kumpeleka mama. Nikasema hapohapo kwamba mimi ndiye nitakayempeleka, na siku hiyo hatasikia hata mlio wa sindano. Bi Zainabu akasema tutaona.

Tutaona! Wataisoma namba.

Jumatano, 11 Juni 2025

Nimefanya kosa la kumsikiliza Samweli.

Samweli ni mhasibu wa ofisini kwetu, tunakotoa mizigo ya watu bandarini, mimi nikiwa mapokezi. Mtu wa Mbeya. Hajawahi kumiliki hata baiskeli lakini simu yake imejaa magari. Alivua miwani, akasema kwa sauti ya kuhutubia kwamba gari la kutembelea kila siku halitaki makuu. Ninunue shokapu mpya za kawaida, zinazofanana na zile za kiwandani. Nibadilishe raba za juu na bushi zilizochakaa. Springi niziache kama zilivyo. Gari litatulia, litanyamaza, na mfuko hautalia.

Ushauri wa kizee kabisa. Kama ningetaka gari la kawaida si ningenunua gari la kawaida?

Nikampigia muuzaji mmoja wa Dar mwenye koiliova. Hizo ni shokapu zilizokuja na springi zake zenyewe, unalipandisha gari na kulishusha upendavyo. Rangi ya dhahabu! Nilipoona picha mate yalinijaa. Nikauliza kama ni laini. Akacheka sana. Akasema ni ngumu kama jiwe, ndiyo raha yake, gari laini ni la wazee. Nikauliza kama zina kelele. Akasema zile za bei ya chini, huko juu zimefungwa chuma kwa chuma, hazina raba, kwa hiyo zinagongagonga kidogo, lakini mtu huzoea. Nikauliza je, za kimya? Akanitajia bei.

Nikakata simu. Baadaye nikamtumia ujumbe kusingizia mtandao.

Samweli akauliza kulikoni. Nikamwambia ashughulike na hesabu zake.

Ijumaa, 13 Juni 2025

Asubuhi nilipita kwa Nassoro. Kwa bahati tu. Nikapita tena, kwa bahati. Nikaona kila kitu.

Amepakia magunia ya makopa nyuma ili springi zikae, maana pikapu tupu inarusha watu. Mbele ametandika godoro la sponji, amelifunga kwa khanga. Godoro! Ndani ya gari! Ushamba gani huu? Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikaacha kucheka, kwa sababu lile godoro lilikuwa nene.

Ikabidi nitumie akili. Baada ya swala ya Ijumaa nikamwendea Bi Zainabu, uso wa huzuni, nikamwambia nimesikia pikapu ya Nassoro juzi ilibeba nguruwe. Sikusema nimeona. Nilisema nimesikia. Kuna tofauti kubwa sana. Bi Zainabu akaweka ungo chini, akasema astaghfirullah. Mimi nikaenda kula wali kwa amani.

Alasiri nikasikia watu mtaani. Nikatoka. Loo!

Nassoro hakubisha hata kidogo. Alikuwa ameileta pikapu mpaka mlangoni kwa Bi Zainabu, amekunja suruali, anaiosha mara saba, mojawapo kwa mchanga, kama tulivyofundishwa madrasa. Kila raundi anaitangaza kwa sauti. Mtaa mzima unahesabu naye. Alisema hajui kama ni kweli, labda kuna aliyempakilia mzigo bila kumwambia, lakini kwa mama hawezi kuacha shaka.

Mnafiki mkubwa! Na maji yote yale!

Bi Zainabu akafuta machozi kwa ncha ya ushungi. Akasema kijana anayeogopa najisi namna hii hajamwona tangu azaliwe. Akamtolea vitumbua na chai ya tangawizi. Nikasogea, maana vitumbua vilikuwa vingi. Akanigeukia, akauliza mbona gari langu lina vumbi.

Jumapili, 15 Juni 2025

Fundi Kasiani ameliinua gari kwa jeki, akajilaza chini yake, akakaa huko muda mrefu. Nilidhani anachunguza. Alikuwa amesinzia. Nilipomgusa mguu akasema shokapu zote zimekufa, zimemwaga oili yake, ndiyo maana gari linagonga. Akasema hiyo ni ndogo. Kwa Kasiani kila kitu ni ndogo, hata gari lililoungua. Anaweza kutoboa tundu, kujaza oili upya, kuziba kwa bolti. Malori anayafanyia hivyo. Yanadumu wiki kadhaa.

Wiki kadhaa ni nyingi! Mimi nahitaji Jumamosi moja.

Sasa, oili gani? Oili ya kawaida ni nyepesi, ndiyo iliyotoroka. Ninahitaji kitu kizito. Kinachonata. Cha bei ya bure. Na hapo, nikiwa nimechuchumaa kwenye gereji ya mtu mvivu, nikapata wazo ambalo Ulaya nzima hawana.

Mafuta ya maganda ya korosho.

Fikiria! Meusi, mazito kama asali. Nguzo ukiipaka mchwa hagusi. Tumejaa maganda mkoa mzima, tunayachoma tu, hakuna aliyewahi kuwaza. Nilikwenda mpaka Mpapura kwa kina mama wanaobangua korosho kwa kikundi. Mikono yao wameipaka majivu. Wakanichotea kidumu wakicheka, wakaniambia na mimi nijipake majivu kwanza kwa sababu mafuta yale yanaunguza. Kiongozi wao akauliza nataka kuua mchwa? Nikamwambia ni mambo ya magari, hataelewa.

Wananifundisha korosho! Mimi, niliyezaliwa chini ya mkorosho!

Jumanne, 17 Juni 2025

Yanaunguza.

Naandika kwa vidole viwili, vingine vimefungwa kitambaa. Kasiani alivaa glavu na akajifunga khanga ya mkewe usoni. Mimi nilimwona mwoga. Nikashika faneli mwenyewe. Halafu jasho likanitoka, nikajifuta pua. Pua sasa ina rangi ya gari.

Lakini! Lakini! Lakini!

Kimya. Nimepita kwenye rasta, vile vituta vidogo vilivyopangana mbele ya shule, vilivyokuwa vinanitoa meno. Kimya. Nikageuza, nikapita tena, nikageuza tena. Gari linazama kidogo, linainuka pole pole, limetulia tuli. Watoto wa shule ambao huwa wanalizomea "kobe! kobe!" walisogea kulitazama. Somoe alitoka darasani na chaki mkononi. Akauliza pua imefanya nini. Nikasema jua. Akasema pole, akaniambia nipake mafuta ya nazi. Alisema kwa upole mpaka nikasahau maumivu.

Kasiani anadai yeye ndiye mgunduzi. Asubutu!

Alhamisi, 19 Juni 2025

Siku ya ushindi. Nimechukua ruhusa kazini, nimesema naumwa, pua ikanitolea ushahidi.

Nimempeleka Bi Zainabu hospitali kuchukua dawa yake ya kiuno, kusudi ajionee mwenyewe. Kuingia kulikuwa na kazi kidogo, gari liko chini na yeye ana mwili. Somoe alimsukuma, mimi nikavuta, jirani akaelekeza. Alipokaa akasema amejiona kama amekalia barabara. Nikamwambia mama, subiri.

Tukaenda. Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Mtaro ule wa sokoni, kimya. Nikamtazama kwa pembeni. Bi Zainabu alikuwa amelala! Anakoroma! Sijawahi kusikia muziki mtamu namna ile.

Aliamka mlangoni kwake akasema kuna harufu nzuri ya korosho za kukaanga, imemtia njaa. Akasema, mbele ya Nassoro aliyekuwa ameketi barazani akijipendekeza, kwamba Jumamosi anakwenda na Zuberi. Alinitaja kwa jina! Nassoro akasema vyema mama, yeye atafuata nyuma na zawadi kubwa zisizoenea kwangu. Afuate. Ale vumbi langu.

Samweli, niliyemringia habari ya mafuta yangu, alinipigia jioni. Eti amesoma kwamba mafuta yale yakipata joto la muda mrefu yanaganda na kuwa magumu, ndiyo maana viwandani wanayatumia kutengenezea breki. Nikamwambia amezidi wivu. Mtu hana hata baiskeli!

Jumamosi, 21 Juni 2025

Naandika Mahurunga, nyuma ya jiko, juu ya gogo. Siti siitaki hata kuiona.

Tuliondoka asubuhi vizuri sana. Bi Zainabu mbele, amejipamba, khanga mpya, hina mpaka kwenye vifundo. Somoe nyuma amejikunja na beseni la zawadi magotini. Kwenye lami tulikuwa tunaelea. Bi Zainabu alisimulia unyago wake mwenyewe, akaniita mwanangu. Mwanangu! Nilitamani wajomba wamsikie.

Lami ikaisha.

Mwanzo halikugonga. Lilianza kukakamaa. Kila korongo gari likawa linazama kidogo kuliko lile lililopita, halafu likaacha kuzama kabisa. Joto la shokapu na jua la saa nne, sijui. Moshi mwembamba nyuma kulia. Harufu ya korosho, lakini sasa ni ya korosho zilizoungua. Kisha tukapanda jiwe dogo, jiwe dogo tu, Bi Zainabu akagonga dari kwa kilemba chake. Akasema "La ilaha illallah." La pili akasema shahada nzima.

Nikamwambia mama, ni barabara. Akasema barabara hii ameipita tangu akiwa msichana, barabara haijawahi kumpiga.

Nilijaribu kwenda polepole. Ikawa mbaya zaidi, kila jiwe linajitambulisha lenyewe. Nikajaribu haraka. Beseni likaruka likamvaa Somoe kichwani. Somoe hakulia wala hakulalamika. Alisema tu Zuberi, simama. Sikusimama kwa sababu nilikuwa nimemwona Nassoro kwenye kioo.

Kwenye mikorosho Bi Zainabu akapiga kelele ambayo mpaka sasa iko masikioni mwangu. Ameshika kiuno kwa mikono miwili. Nikasimama. Ilibidi tumtoe watatu, na wa tatu alikuwa Nassoro, ambaye alifika akiwa hana hata tone la jasho, akasema "pole mama" kama vile yeye ni daktari. Wakamlaza juu ya lile godoro. Pikapu ikaondoka, inayumba taratibu, magunia ya makopa nyuma, mama mkwe wangu mbele.

Somoe angeweza kwenda nao. Nafasi ilikuwepo. Alisema atabaki nami, si vizuri mtu kuachwa porini peke yake. Tukasafiri wawili kwa mwendo wa mtu anayetembea. Alikuwa na nundu kwenye paji la uso. Nilimwambia nasikitika. Kweli nilisikitika, nusura nilie. Akasema gari si kitu.

Gari si kitu! Nilimsamehe, alikuwa na uchungu wa nundu.

Jumapili, 22 Juni 2025

Sherehe ilifana, wanasema. Mimi sikuona. Mwali alitolewa, ngoma zikapigwa, akatunzwa noti, wanawake wakacheza mpaka vumbi likafunika mihogo. Bi Zainabu hakucheza. Alilala kwenye mkeka chali, anakandwa na maji ya moto, na kila aliyekuja kumpa pole alielekezwa kwangu kwa kidole.

Wajomba walikaa kwenye viti barazani. Nassoro alikaa nao, kiti chenye mgongo. Nilipokwenda kusalimia, mjomba mkubwa akauliza ndiye huyu? Akajibiwa ndiye. Akasema basi. Nikapelekwa kula na wapiga ngoma. Chakula kilikuwa kizuri, lazima niseme.

Nimesikia Nassoro ametamka posa. Wajomba wameridhika, lakini Somoe ameomba siku chache kabla ya kutoa jibu lake. Mjomba mkubwa hakupenda. Somoe akarudia, siku chache. Basi nina nafasi bado!

Nimetafakari kosa liko wapi. Si mafuta. Mafuta yalifanya kazi yake vizuri mno. Kosa ni jua. Na Kasiani, aliyetoboa tundu dogo. Na serikali ya kijiji, kwa lile jiwe.

Ijumaa, 27 Juni 2025

Wiki nzuri sana.

Kasiani amezing'oa zile shokapu kwa nyundo, zilikuwa zimeganda kama mchi. Ametia nyingine za mtumba za gari la aina nyingine kabisa, na juu tumeweka raba nilizobuni mwenyewe kutokana na kandambili. Samweli alipoona alishika kichwa, akaondoka. Wivu. Kimya kimerudi! Umebaki mlio mmoja tu, nyuma kushoto. Kik. Halafu hakuna. Halafu kik.

Alasiri Somoe alinisimamisha nje ya shule, akaomba nimpeleke nyumbani. Gauni la bluu, nundu imepona. Mzuri kupita kiasi. Hata mlango hatujafunga sawasawa, akaanza kuzungumza.

Alisema wajomba wanataka jibu leo baada ya magharibi. Alisema hajamwahidi Nassoro chochote. Kik. Alisema siku ile Mahurunga watu wote walicheka, yeye hakucheka, na nilipaswa kujiuliza kwa nini. Kik. Alisema mama yake kiuno kikipoa na hasira itapoa, hilo nimwachie yeye. Alisema habari ya gari haimhusu, hata tungetembea kwa miguu, anachotaka ni neno moja kutoka kwangu, sasa hivi, na atawapigia simu wajomba yeye mwenyewe. Sauti yake ilikuwa inakatika.

Nikamwomba anyamaze kidogo kwa sababu tulikuwa tunakaribia rasta.

Alinyamaza. Nashukuru. Nikasikia vizuri sana. Kik, kik, kik. Akaendelea kunyamaza mpaka kwao. Tulipofika akauliza kama nimesikia alichosema. Nikamwambia nimesikia kila kitu, inatoka nyuma kushoto. Akasema haya Zuberi, Mungu akubariki. Akashuka, akafunga mlango taratibu. Watu wengi wanabamiza. Ndiyo maana nampenda.

Nikaondoka. Nikapita rasta ya kwanza. Kimya! Ya pili, kimya! Nikageuza, nikarudi, nikapita zote tena. Hakuna kik! Hakuna chochote! Nilipiga usukani kwa furaha. Nikazunguka Likombe nzima mpaka magharibi ilipoadhiniwa na kuswaliwa. Nilipopita tena mbele ya nyumba ya kina Somoe palikuwa na vigelegele vingi, ikabidi nifunge vioo nilisikilize gari vizuri.

Kimya kabisa. Kumbe muda wote huu tatizo lilikuwa abiria! Kesho asubuhi Kasiani anaing'oa ile siti ya abiria.